Mwanga Uliokubali Kupinda

8 Septemba 1894

Kalenda ya mwaka huu ina kurasa tupu nyuma. Hakuna mtu humu ndani aliyezitaka, nimezichukua mimi. Nitaandika kadiri usingizi utakavyoniruhusu. Frieda ana miezi minane na jino moja, na jino hilo ndilo linalotawala nyumba.

Tumeanza kung'oa viazi. Edmund alikuja nasi shambani, akashika jembe, akaliweka chini. Mikono yake inatetemeka kuliko mwezi uliopita. Baba yake aliona, akageuza uso akaanza kuzungumzia mawingu.

10 Septemba

Viazi.

11 Septemba

Viazi, na mgongo.

16 Septemba

Baada ya kanisa baba mkwe alisema lile ambalo sote tulikuwa tunalizunguka. Mzee Traugott si mtu wa maneno mengi. Alimenya kiazi chake, akakichovya kwenye chumvi, ndipo akasema:

"Moto haukai bure, Edmund. Meza ni moja na dirisha ni moja. Siku ya Mtakatifu Martin, mwezi wa kumi na moja, ikifika na mikono yako iko hivyo, atakaa Oskar."

Oskar ni binamu wa Edmund. Anafanya kazi kwenye tanuru kubwa la kioo kijijini, ana mapafu mapana na mdomo mpana zaidi. Akikaa yeye kwenye meza ya moto, ile tunayopulizia kioo, chumba chetu cha juu kitakuwa chake na watoto wake. Edmund itabidi aende kwenye machimbo ya mawe ya kuezekea, na kwa mikono ile sioni akimaliza majira ya baridi kule.

Mikono imeharibiwa na zebaki. Tangu alipokuwa kijana amekuwa akiinua na kushusha chupa ya zebaki ya pampu, ile ya kutolea hewa kwenye mirija ya kioo, dirisha limefungwa ili moto usiyumbe. Sisi watu wa kioo tunaogopa upepo kuliko sumu.

22 Septemba

Mvua. Mgeni amekuja kwa miguu kutoka bondeni, viatu vimejaa tope: Mwalimu Rebhan, anafundisha vijana sayansi huko mjini. Anataka mirija ya mwanga. Tunaijua kazi hiyo: mrija wa kioo, waya kila upande, hewa inatolewa mpaka ibaki kidogo sana, umeme unapita, na ile hewa iliyobaki inawaka rangi. Watu huwa wanainunua kwa uzuri wake tu. Yeye anataka kitu kingine.

"Nataka vijana wangu waone sumaku ikipinda mwanga," alisema. "Mirija niliyonayo inatoa mwanga mnene kama moshi wa kuni mbichi. Ukisogeza sumaku unatikisika kidogo, basi. Nataka uzi. Uzi mwembamba, upinde kweli kweli, hata aliyekaa nyuma aone."

Nilimuuliza sumaku inapindaje kitu ambacho ni hewa. Mume wangu alinikanyaga mguu, lakini mwalimu alifurahi, akahamishia kikombe chake pembeni.

"Hewa ikikaa kimya mle ndani, mama, sumaku hii haina habari nayo. Ukiipitishia umeme, chembe zake zinabeba umeme na kuanza kukimbia. Hapo ndipo sumaku inazipata. Wala haizivuti kuja kwake kama inavyovuta msumari. Inazipiga kikumbo cha ubavuni, zinakata kona. Lakini zikiwa zimesongamana na takataka njiani, zinagongana hovyo, kikumbo chote kinapotea."

"Kama watoto mlangoni mwa kanisa," nilisema. "Mmoja anayekimbia unamsukuma pembeni. Wakiwa kundi hawasogei."

"Hivyo hivyo," alisema mwalimu.

Edmund aliikubali kazi ile, mikono yake ikiwa chini ya meza. Mwalimu ametuachia sumaku, ya umbo la kiatu cha farasi, ili tujaribie. Atarudi kabla ya Krismasi.

Alipoondoka nilisema nitakaa mimi kwenye moto.

Hapa kwetu wanawake tunapaka rangi, tunafunga, tunabeba vikapu mgongoni mpaka soko la Sonneberg kwenye theluji. Kwenye moto hatukai.

"Na mtoto?" aliuliza baba mkwe.

"Mtoto amekuwa chini ya meza ile tangu azaliwe, baba. Atanizoea upande wa pili."

"Mpaka Martin," alisema, kisha akatoka kwenda kumwangalia mbuzi ambaye hakuwa na tatizo lolote.

24 Septemba

Stuli. Aliitengeneza babu yake Edmund, na wanaume wa nyumba hii wote ni warefu. Nikikaa vizuri, mguu haufiki kwenye kanyagio la mvukuto, na bila mvukuto moto unakufa. Nakaa ukingoni, nimefunga kipande cha gogo juu ya kanyagio. Edmund alisema tukate miguu ya stuli kidogo.

"Stuli ya baba yangu haikatwi kwa ajili ya mtu wa kupita," alisema mzee.

Huu ni mwaka wa tatu tangu niolewe. Mtu wa kupita.

Nimeweka sheria zangu na mimi. Edmund haigusi tena chupa ya zebaki. Atakayepampu ni baba mkwe, dirisha wazi, na Frieda akiwa chumba kingine. Walilalamikia baridi wote wawili. Nikawaambia makoti wanayo.

30 Septemba

Nimeungua kidole. Nimeungua kidole kingine.

8 Oktoba

Edmund anakaa nyuma yangu, kidevu karibu kiguse bega langu, ananifundisha kwa mdomo. "Zungusha. Usiuvute, usubiri wenyewe ulegee. Sasa puliza. Kidogo. Kidogo, Malwine, si supu hiyo." Nikipatia, hasemi kitu, ananipulizia shingoni tu. Hatujakaa karibu hivi tangu Frieda azaliwe.

15 Oktoba

Mrija wa kwanza mzima. Umenyooka, waya zimeshika, haujapasuka. Baba mkwe akapampu, tukaufunga kwenye kisanduku cha cheche, kile kinachotoa umeme, tukavuta pazia.

Mwanga ulitoka mweupe wa kuchafuka, kama maziwa yaliyolala. Edmund alisogeza sumaku. Maziwa yakatikisika.

18 Oktoba

Mrija mwingine. Maziwa.

19 Oktoba

Ukungu tangu asubuhi. Maziwa.

23 Oktoba

Jino la pili. Maziwa.

27 Oktoba

Oskar alipita kutoka tanurini, akajiegemeza mlangoni na bia yake.

"Shemeji, pumzi ya mwanamke ni ya kupoza uji. Kioo kinataka kifua."

"Kifua unacho, shemeji. Nafasi ya kusimama huna, unaniziba mwanga."

Alicheka akasogea. Lakini niliona baba mkwe hakucheka, na hakumkatalia.

Jioni Edmund alikuwa anaangalia buti zake za zamani, anazigeuza nyayo. Za machimboni. Nilizichukua nikazifungia kwenye sanduku langu asikozifikia bila kuniomba.

2 Novemba

Maziwa.

6 Novemba

Maziwa. Tumekagua pampu, haivuji. Tumekagua waya. Nimelia kidogo kwenye banda la mbuzi, kisha nikamkamua kwa kuwa nilikuwa nimeshafika.

11 Novemba

Martin. Watoto wamepita na taa zao za karatasi. Oskar alikuja amevaa shati safi. Baba mkwe alimpa ishara, naye akakaa kwenye stuli kama aliyezaliwa juu yake, mguu umelala kwenye kanyagio. Alifungua gogo langu akalitupa kwenye kuni.

Nisiseme uongo, anajua kazi. Mrija wake ulikuwa mzuri kuliko wangu wote. Nilisimama na mtoto kiunoni nikiwaza sufuria zipi ni zangu na zipi za nyumba. Baba mkwe akapampu. Tukavuta pazia.

Maziwa.

Oskar alisogeza sumaku mwenyewe, mara mbili, karibu kabisa na kioo. Maziwa yakatikisika yaleyale.

"Sumaku mbovu," alisema.

Edmund akaigusisha kwenye kisu cha mkate. Kisu kiliruka kikaganda. Frieda peke yake alipiga makofi.

"Basi si kifua," alisema baba mkwe taratibu. Aliangalia mrija, akaniangalia mimi, nadhani kwa mara ya kwanza tangu viazi. "Zamu yetu ya tanuri la mkate ni tarehe kumi na mbili mwezi ujao. Mpaka siku hiyo, Malwine. Baada ya hapo naye Oskar ana watoto."

Nilienda kulitoa gogo langu kwenye kuni.

14 Novemba

Theluji ya kwanza. Maziwa.

20 Novemba

Maziwa. Nilimwandikia mwalimu, ameshajibu. Anasema mrija wetu kama ni mzima na pampu ni nzima, basi kuna kitu kingine mle ndani ambacho hatukukiweka, nacho kinatoka polepole umeme ukianza kupasha kioo joto. Hajui ni nini. Anasema anaona haya kwamba hajui, kwa kuwa yeye anajua mirija kutoka nje tu, na sisi ndio tunaojua inavyozaliwa.

Kitu ambacho hatukukiweka.

25 Novemba

Jumapili. Madonge ya viazi, sufuria inafoka, madirisha yamelia maji. Nilimsimamisha Frieda kwenye kiti dirishani aangalie theluji. Alibandika mdomo kwenye kioo kama anavyobandika kila kitu, akapuliza. Kioo kikafanya ukungu wa duara. Alifurahi akapuliza tena. Nikaufuta ule ukungu kwa kidole, na kidole kikalowa.

Nilisimama hapo mpaka madonge yakapasuka.

"Edmund. Sisi tunapuliza nini?"

"Nini?"

"Kwenye mrija. Tunapuliza nini?"

"Pumzi," alisema, kama mtu anayemjibu mgonjwa.

"Pumzi ina maji."

Alifungua mdomo kuniambia kuwa kioo chetu ni cha moto, maji hayakai. Najua ndicho alichotaka kusema, kwa sababu ndicho tunachoamini wote. Ukungu hauonekani kwenye kioo cha moto, kwa hiyo haupo. Kijiji kizima kinaishi kwa kupuliza. Tunapuliza shanga, macho ya wanasesere, mapambo ya mti, na pumzi ikibaki mle hamna anayedhurika. Nani angeifikiria? Ni kama kufikiria mate yako mwenyewe.

Baba mkwe aliweka uma chini. "Ina maana mirija yangu yote," alisema. "Tangu ujana."

"Ilikuwa mizuri, baba. Ilikuwa ya kuangalia. Hii ni ya kupinda."

Alikula donge zima kabla ya kusema tena. "Oskar mwenye kifua kikubwa," alisema, "kumbe ana maji mengi zaidi." Na akacheka, mzee yule, mpaka akapaliwa.

26 Novemba

Chokaa ile ya kupakia kuta, kabla haijazimwa, inakunywa maji kama mlevi. Hilo kila mama anajua. Ukiisahau kwenye unyevu inajizima yenyewe. Nimejaza chokaa kavu kwenye chupa, nimeweka bomba la mpira la kupulizia upande huu na jingine linalokwenda kwenye mrija, pamba katikati ili vumbi lisipite. Pumzi yangu inapitia chokaani kwanza, inaacha maji yake huko.

28 Novemba

Oskar ameiona. "Shemeji anavuta kiko cha Kituruki sasa." Kijiji kizima kimeshasikia. Kwenye kisima wananiuliza kama tumbaku ni nzuri.

3 Desemba

Si maziwa. Ni maziwa yaliyotiwa maji, na katikati kuna kitu cha rangi ya waridi. Sumaku ilipokuja kile cha waridi kilijikunja kidogo, ndani ya ule weupe, kama mtu anayejigeuza usingizini. Edmund alinishika mkono.

Kwa hiyo ni kweli. Ila kuna maji mengine bado, yamegandamana kwenye kioo chenyewe tangu kiwandani, tangu kuoshwa. Lazima kioo kiokwe, muda mrefu, joto la sawasawa. Moto wa mezani unapasha sehemu moja tu.

Najua tanuri moja lenye joto la sawasawa.

9 Desemba

Jumapili ya pili ya Majilio. Nimemwomba baba mkwe zamu ya mkate.

Niandike ni nini hasa nilichoomba. Tanuri la kijiji lina zamu, na zamu ya Desemba ni ya mikate ya Krismasi. Nyumba isiyooka mkate wa Krismasi inasemwa mpaka Pasaka, na nyumba hii haijawahi kukosa. Unga, zabibu na siagi vimeshakaa tayari.

"Mkate unaweza kuingia baada ya mirija," alisema.

"Unga unatoa mvuke, baba. Hata kidogo. Nataka tanuri tupu, na mlango usifunguliwe mpaka asubuhi."

"Na mirija ikipasuka?"

"Hatutakuwa na mkate wala mirija."

Alikaa. Nilidhani atatoka kwenda kwa mbuzi. "Hulda atatutangaza hadi bondeni," alisema. Bi Hulda ndiye anayeshika ufunguo wa tanuri.

"Atatutangaza."

"Mwambie nimekutuma mimi," alisema.

12 Desemba

Bi Hulda aliangalia kikapu changu, mirija imelala kwenye majivu makavu kama watoto pacha. "Huu ndio mkate wa akina Traugott mwaka huu?"

"Ndio, mama Hulda. Hauna zabibu."

Aliwaita wengine waje waone. Waliona. Wengine walicheka, mmoja alinihurumia, hilo likaniuma zaidi. Niliisukuma mirija ndani kwa mkono wangu, nikafunga mlango, nikakaa mbele yake nikimnyonyesha Frieda mpaka wakachoka kuniangalia.

13 Desemba

Miwili imepasuka. Iliyobaki ni mizima.

Tumeitoa ikiwa ya moto, midomo imezibwa kwa pamba kavu, tumekimbia nayo kwenye theluji, Edmund mbele akifungua milango. Nikaunga wa kwanza kwenye pampu kabla haujapoa, kwa mpira wa chokaa. Baba mkwe alivua koti. Chupa ya zebaki juu, chini, juu, chini, dirisha wazi, theluji inaingia sakafuni, na mimi natembeza moto juu ya kioo ili lolote lililobaki litoke. Frieda chumba cha pili alikuwa anamhutubia paka.

Nikauziba. Pazia. Kisanduku cha cheche.

Uzi.

Sijui niandikeje. Uzi wa waridi, safi, kutoka waya hadi waya, na kando yake giza tupu. Edmund alinyanyua sumaku, hata hakuwa amefika karibu, na uzi ulikata kona. Ulikwenda ukutani mwa kioo ukalala hapo kama upinde uliovutwa. Akaigeuza sumaku, juu chini; uzi ukavuka ukalala upande wa pili. Hauvutwi. Unapigwa kikumbo, ubavuni, kama alivyosema.

Baba mkwe alisema, "Tena." Tukafanya tena. "Tena," akasema.

Nilimleta Frieda. Zebaki ilikuwa imefunikwa, nilihakikisha mara mbili. Aliangalia ule uzi ukienda huku na huku, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama swali.

22 Desemba

Mwalimu Rebhan amefika, na nusu ya kijiji nyuma yake kuona mirija iliyookwa. Bi Hulda amekuja. Oskar amekuja. Chumba kilijaa mvuke wa makoti, na mimi nikacheka peke yangu, maji yote hayo.

Pazia. Nilitaka kushika sumaku mwenyewe, lakini Edmund aliichukua.

"Nitashika mimi," alisema.

Nilijua anachofanya. Alinyoosha mkono mbele ya watu wote, mkono ule aliouficha chini ya meza tangu Septemba, na uzi ukapinda, na ulipopinda ulikuwa unatetemeka. Mtetemo mdogo mdogo, wa haraka, kioo kizima.

Mwalimu aliinama. "Unapinda vizuri ajabu. Lakini mbona unatetemeka?"

"Huo si mwanga, bwana mwalimu," alisema Edmund. "Ni mimi. Unafuata mkono wangu."

Kisha mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo hata mkono wako uzi unausikia," na akaomba ajaribu mwenyewe. Mkononi mwake uzi ulitulia. Akairudisha sumaku kwa Edmund, uzi ukatetemeka. Watu wakasogea, wakataka na wao, na kila mkono ulikuwa na mwendo wake. Bi Hulda alikuwa na mkono mtulivu kuliko wote, na hatasahau kutuambia.

Oskar alikuwa wa mwisho. Alipinda uzi, akaunyoosha, akaupinda tena. "Shemeji," alisema, "hicho kiko chako. Utanionyesha kinavyofungwa?"

"Njoo baada ya sikukuu, shemeji. Uje na chokaa yako."

Mwalimu ameichukua yote. Anataka mingine kwa shule nyingine, mwaka mzima ujao, na ameuliza amwandikie nani. Watu walimwangalia baba mkwe. Baba mkwe alinielekezea kidole, kama mtu anayeonyesha njia kwa mpita njia.

24 Desemba

Hatuna mkate wa Krismasi. Asubuhi tulifungua mlango tukakuta mitatu kizingitini, imefungwa kwa vitambaa, na wa Bi Hulda ndio mkubwa.

Nilikuwa jikoni niliposikia msumeno. Nikadhani ni kuni. Nilipoingia, baba mkwe alikuwa ameigeuza stuli miguu juu, ameibana kati ya magoti, anakata mguu wa tatu. Edmund amekaa kando na Frieda mapajani, anatazama. Vipande viwili vilikuwa tayari sakafuni, mbao ya zamani, nyeusi nje na nyekundu ndani.

"Baba," nilisema, "Edmund akipona hataweza kukaa hapo. Wala Oskar."

"Najua urefu wao," alisema.

Alimaliza, akapiga msasa, akaisimamisha mbele ya moto. Akafungua gogo langu kwenye kanyagio, akampa Frieda alitafune.

"Keti," alisema.

Nimekaa. Mguu umefika.